"Elbo" ya fundi bomba haitokani na herufi L

Swali la wiki lilikuwa: je, kile kipande cha kona cha bomba kinaitwa "elbo" kwa sababu kina umbo la herufi L? Hapana. Kufanana na L kinafanana kweli, lakini jina lake ni neno la Kiingereza la kiwiko, "elbow" (kiwiko cha mkono, ambacho wengine huita kisugudi au kivi), na neno hilo lilikuwapo karne nyingi kabla ya mtu kukata nyuzi (mikato ya kukazia) kwenye bomba la chuma.

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "elnboga". Humo mna vipande viwili. "Boga" ni kitu kilichopinda. Ndiyo asili ya "bow", yaani upinde, na imo pia ndani ya "rainbow", upinde wa mvua. "Eln" ni sehemu ya mkono kuanzia kiwikoni kwenda vidoleni, na papo hapo ni kipimo cha urefu. Basi elnboga ni pale mkono wa kupimia unapopinda. Wajerumani bado wanasema "Ellenbogen" na Waholanzi "elleboog". Waingereza waliidondosha n njiani. Kilatini kina "ulna" kutoka shina hilohilo, na madaktari hadi leo wanalitumia kuutaja mfupa wa mkono ulio upande wa kidole cha mwisho.

Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Dhiraa, iliyotujia kutoka Kiarabu, nayo ni jina la mkono lililogeuka kipimo. Dhiraa kamili huanzia kiwikoni na kuishia ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Dhiraa konde huishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Dhiraa 2 ni wari, 4 ni pima. Lakini wafasiri wajihadhari. "Ell" ya Uingereza, iliyopimiwa vitambaa, ilikuwa inchi 45, yaani dhiraa 2 na nusu, na ile ya Flanders (eneo la Ubelgiji ya leo) inchi 27, dhiraa 1 na nusu. Anayeandika "dhiraa" kila akutanapo na "ell" ya Kiingereza anampunja mnunuzi zaidi ya nusu ya kitambaa chake.

Kiingereza kimelitumia neno hili kwa mengi. Likiwa kitenzi, ni kupiga kikumbo. "Elbow room" ni nafasi ya kutosha kujigeuza bila kubanwa. "Elbow grease" si mafuta ya aina yoyote, ni nguvu ya kusugua kwa bidii. Na ile ganzi kali inayokuja ukijigonga kiwiko, Waingereza wanaihusisha na "mfupa" ("funny bone"), ilhali hakuna mfupa wa pekee pale. Ni neva ya ulna, inayopita nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko, chini tu ya ngozi. Ndiyo maana ganzi hukimbilia kidole cha mwisho na cha pete, wala haifiki kwenye dole gumba.

Turudi kwa fundi, maana swali lilianzia kwake. Elbo huuzwa za digrii 90 na 45, na kila moja hula msukumo wa maji. Ile ya kawaida ya digrii 90 huzuia maji sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa takriban mara 30 ya kipenyo chake. Ya 45 huzuia karibu nusu ya hapo. Kwa bomba la nusu inchi, kila kona ya 90 ni sawa na sentimita 40 hivi za bomba. Elbo 6 za 90 kabla ya kufika bafuni ni sawa na kurefusha bomba kwa mita 2 na zaidi, na kama tangi halikuinuliwa juu vya kutosha, bafu linaweza kuchuruzika tu. Kwa maji taka hatari ni nyingine: kona kali ya 90 chini ya ardhi ndipo uchafu unapokwama. Weka mbili za 45 zenye kipande kifupi cha bomba katikati. Na dukani usiseme "elbo ya nusu" ukaishia hapo. Taja digrii, na useme kama nyuzi ni za ndani pande zote mbili au upande mmoja ni za nje.