Swali la lugha: Mti hutabiri mvua, huibashiri au huikadiria?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu kompyuta inayojifunza kutokana na takwimu za hali ya hewa ili ijue kama mvua itanyesha. Njia niliyotumia ni "mti wa maamuzi", yaani mfululizo wa maswali unaogawanyika kama matawi mpaka kwenye jibu. Msimamizi wangu amefuta "kubashiri" akaandika "kutabiri". Mwenzangu naye ananiambia niseme "mti wa uamuzi". Nimfuate nani?

JIBU: Msimamizi amepatia, ila nusu tu. "Utabiri wa hali ya hewa" umeshazoeleka. "Kubashiri" si kosa, lakini asili yake katika Kiarabu ni kuleta habari njema, na siku hizi ukilitamka wengi wanawaza mkeka wa mechi.

Mimi ningetazama jani kwanza. Mti huu umepinduka: mzizi juu, majani chini. Kwenye mzizi na kila penye panda pana swali: je, unyevunyevu wa hewa umezidi asilimia 80? Mgandamizo wa hewa umeshuka? Ndiyo inakupeleka tawi hili, hapana tawi lile, mpaka ufike kwenye jani, ambako maswali yamekwisha. (Maswali hayo hayatungwi na mtu. Programu huyachagua yenyewe kwa kupima lipi linatenganisha vizuri zaidi siku za mvua na siku kavu.) Jani likisema "itanyesha" au "haitanyesha", andika: mti hutabiri kama mvua itanyesha. Jani likiwa na namba, tuseme milimita 12, ambayo kwa kawaida ni wastani wa mvua ya siku za mafunzo (zile ambazo kompyuta ilijifunza kutokana nazo) zilizoangukia hapo, kitenzi chake ni "kukadiria": mti hukadiria kiasi cha mvua. Ukiandika "kutabiri mvua" basi, msomaji hajui umefanya lipi, na hata vipimo havifanani: kwa la kwanza unahesabu siku ulizopatia, kwa la pili unapima umekosea kwa milimita ngapi.

Kuhusu jina, "maamuzi" ni wingi wa "uamuzi". Mwenzako anatazama jani moja la mwisho, wewe unatazama panda zote za njiani. Naegemea kwako, ingawa lake halina kosa.

Linaloniudhi zaidi ni "mti wa maamuzi yametabiri". Anayetabiri ni mti, basi ni "umetabiri", hata maamuzi yawe mia.