Tunaokota Takataka Kila Jumamosi, Mbona Ziwa Bado Kijani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana huku Magu, kando ya Ziwa Victoria, kila jumamosi tunashuka mwaloni kuokota machupa ya plastiki na nyavu chakavu, mwaka wa pili huu, lakini mvua zikinyesha tu maji yanageuka kijani kabisa na kunuka. Jirani ana shamba la nyanya hadi kwenye kingo za mto na bomba la kupulizia dawa anaoshea humohumo, tukiongea anasema mto sio wa baba yetu. Tufanyeje? Na je tukichemsha hayo maji, ni salama?

JIBU: Poleni na hongereni. Kuokota chupa ni kuzuri ila chupa sio zinazoleta huo ukijani. Ule ni mwani, na mwani unakula mbolea, kinyesi na udongo vinavyosombwa na mvua. Mto Simiyu unatoka huko Meatu na Bariadi unapita mashamba na malisho kibao ndo uje kumwaga Ghuba ya Speke hapo kwenu, kwahiyo nyie mnafagia mlangoni wakati paa linavuja. Siku mvua ikikatika chota maji ya mto kwenye chupa inayoonyesha ndani, yaache usiku kucha, asubuhi pima tope lililokaa chini kisha nendeni nayo kwenye mkutano wa kijiji. Itaongea kuliko nyie.

Kuhusu jirani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa. Lakini msianze na sheria jamani, mtagombana bure! Mwambieni apande mabingobingo pale ukingoni, yanashika udongo na kiangazi ng'ombe wake wanakula, halafu bomba aoshee shambani mbali na maji. Matete na mafunjo yaliyopo msiyafyeke, hayo ndo chujio lenu. Akigoma kabisa, nendeni serikali ya kijiji na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria pale Mwanza, na muulizie kabisa kusajili jumuiya ya watumia maji, maana kikundi cha usafi hakina meno.

Kuchemsha sasa. Kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ila sumu ya mwani haiondoki kwa moto, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Yakiwa na utando wa kijani juu msinywe, msipikie, na ng'ombe pia msinyweshe. Choteni kisimani mpaka ya ziwani yatulie.