Medali, bango na karatasi ya kura: jibu kwa swali la wiki

Swali la wiki hii lilikuwa: mwanamichezo mashuhuri wa kike akiingia bungeni Japani, wanawake wenzake wanapata nini? Nionavyo mimi, wanapata kanuni, pale anapofanikiwa kuibadilisha. Njia hawaipati, maana njia aliyopita yeye haimpitishi mwanamke asiyejulikana.

Mfano uliokomaa ni Hashimoto Seiko. Alizaliwa Hokkaido tarehe 5 Oktoba 1964, siku tano kabla ya Olimpiki ya Tokyo kufunguliwa, na baba yake akalichukua jina Seiko kutoka neno la Kijapani la mwenge wa Olimpiki. Alishiriki Olimpiki saba: nne za majira ya baridi, akiteleza kwa kasi kwenye barafu, na tatu za kiangazi, akishindana kwa baiskeli uwanjani. Mwaka 1992 huko Albertville alipata shaba ya mita 1,500. Mwaka 1995 akaingia baraza la juu la bunge kupitia orodha ya uwiano, yaani ile inayokipa chama viti kulingana na sehemu yake ya kura, ya LDP, chama kikubwa cha kihafidhina, na mwaka uliofuata akaenda Atlanta kushindana akiwa tayari mbunge.

Wajapani husema mgombea anahitaji "ban" tatu. Jiban ni ngome yake, yaani vikundi vya wafuasi vya mtaani ambavyo mara nyingi mtoto huvirithi kwa baba, na mrithi huyo kwa kawaida ni wa kiume. Kanban ni bango, yaani jina linalojulikana. Kaban ni mkoba wa fedha. Mwanamichezo huja na bango mkononi. Mkoba hupewa na chama. Ngome haihitaji sana, kwa sababu kura ya uwiano ya baraza la juu hupigwa nchi nzima kama jimbo moja.

Ili kuelewa uzito wa bango hilo, itazame karatasi ya kura yenyewe. Mpiga kura wa Japani haweki alama penye picha wala penye jina lililochapwa. Anapewa karatasi yenye nafasi tupu, naye anaandika jina kwa mkono wake. Asilolikumbuka haliandiki. Tangu uchaguzi wa mwaka 2001, kwenye kura ya uwiano ya baraza la juu anaweza kuandika jina la chama au la mgombea, na kura ya mgombea huingia pia kwenye jumla ya chama. Basi mtu maarufu huvuna kura zinazowabeba na wenzake wasiojulikana. Ndiyo sababu vyama huwafuata wachezaji na waigizaji. Tani Ryoko, bingwa wa judo wa Olimpiki za Sydney na Athens, aliingia hivyo mwaka 2010, akakaa muhula mmoja hadi 2016. Chama kilikuwa kimepata kura zake, na wanawake wa mitaani hawakuachiwa ngazi yoyote ya kupandia.

Mwanamke asiye na medali kwa kawaida hupita kwenye majimbo. Baraza la chini lina viti 465, na 289 kati yake ni vya jimbo lenye mshindi mmoja. Dhamana ya kugombea jimbo ni yen milioni 3, na asiyefikisha sehemu ya kumi ya kura halali anaipoteza. Kwenye orodha ya uwiano dhamana ni yen milioni 6. Hata hivyo fedha si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo ni kwamba jimbo lina kiti kimoja, na kiti hicho tayari kina mwenyewe. Chama hakimwondoi mbunge anayeshinda ili ampishe mwanamke.

Hapa historia inatupa ushahidi ambao watu wengi huupita haraka mno. Wanawake wa Japani walipata haki ya kura mwishoni mwa 1945, na katika uchaguzi wa tarehe 10 Aprili 1946 wanawake 39 walichaguliwa kati ya wabunge 466. Uchaguzi ule ulitumia majimbo makubwa, na katika sehemu nyingi mpiga kura aliruhusiwa kuandika majina mawili au matatu. Aliyeandika jina la mwanamume bado alikuwa na nafasi ya kuandika la mwanamke. Mwaka 1947 majimbo yakapunguzwa ukubwa, kila mtu akarudi kwenye jina moja, na wanawake wakashuka hadi 15. Mila za Kijapani hazikuwa zimebadilika ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni karatasi. Idadi ya 39 haikupitwa hadi mwaka 2005. Kwa hiyo anayeniambia tatizo ni utamaduni peke yake, nitamwomba kwanza anieleze mwaka 1947.

Sasa turudi kwa Hashimoto na kile alichokiacha. Mwaka 2000 alipata mimba akiwa mbunge. Kanuni za baraza la juu ziliorodhesha sababu za kuomba ruhusa ya kutokuwapo, lakini neno "kujifungua" halikuwemo. Likaongezwa mwaka huo, na baraza la chini likafuata mwaka 2001. Ni neno moja tu, lakini mbunge yeyote aliyekuja baada yake, mwenye jina kubwa au asiye nalo, analitumia. Mabaraza ya mikoa, miji na vijiji yalichelewa zaidi: kanuni zao za mfano ziliingiza uzazi mwaka 2015, na mwaka 2021 zikataja muda, wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baada yake. Pengo lililobaki ni kura. Katiba, kifungu cha 56, inasema maamuzi hupitishwa kwa wingi wa wajumbe waliohudhuria. Mbunge aliye kwenye likizo ya uzazi hapigi kura, na hakuna wa kumpigia.

Suala la jina la ukoo linaonyesha ukomo wa mtu mmoja ndani ya chama. Kifungu cha 750 cha sheria ya kiraia kinawalazimu wanandoa wa Kijapani kuchagua jina moja la ukoo, na takriban asilimia 95 huchagua la mume. Kwa mwanasiasa mwanamke hasara ni ya wazi, kwa kuwa bango lake linafutwa siku ya harusi. Hashimoto mwenyewe kisheria ni Ishizaki. Kwenye siasa anatumia jina lake la awali, kwa sababu sheria ya uchaguzi inaruhusu jina la kawaida likikubaliwa. Alipokuwa waziri wa usawa wa kijinsia, tangu Septemba 2019, alielekea kuunga mkono kuwapa wanandoa hiari ya kubaki na majina tofauti. Ulipofika Desemba 2020, wahafidhina wa chama chake walikuwa wamepinga hadi maneno ya hiari hiyo yakaondolewa kwenye mpango wa taifa wa miaka mitano wa usawa wa kijinsia. Aliyempokea wizara, Marukawa Tamayo, alikuwa ametia sahihi barua ya kupinga hiari hiyo. Takaichi Sanae, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke tarehe 21 Oktoba 2025, naye alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Jinsia ya aliye kitini haitoshi kutuambia atasimama upande gani.

Februari 2021, rais wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, Mori Yoshiro, alijiuzulu baada ya kusema kuwa vikao vyenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Hashimoto akachukua nafasi yake tarehe 18. Wiki mbili baadaye bodi ilikuwa na wanawake 19 kati ya 45, kutoka 7. Wengi walishangilia, na kasi ile ilistahili sifa. Lakini angalia ilivyofanyika: meza ilirefushwa, wanawake 12 wakaongezwa, wanaume karibu wote wakabaki walipokuwa. Jambo hilo linawezekana kwenye kamati. Bungeni viti havirefushwi. Kamati yenyewe ilivunjwa Juni 2022, na bodi ile ikaisha nayo.

Haki inanitaka niongeze kwamba mkoba wa chama una gharama yake. Aprili 2024 Hashimoto alikuwa miongoni mwa wanachama wa LDP walioadhibiwa na chama katika kashfa ya fedha za makundi ya ndani ya chama zisizoandikwa kwenye taarifa za mapato. Hata hivyo Juni 2025 alichaguliwa kuongoza Kamati ya Olimpiki ya Japani, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Sheria ya mwaka 2018 inavitaka vyama vijitahidi kusimamisha wagombea wanawake na wanaume kwa idadi sawa kadiri inavyowezekana. Haina adhabu. Viti maalumu, kama wanavyovijua wasomaji wa Tanzania, Japani haina. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 wanawake hawakufika robo ya wagombea wa baraza la chini, na waliochaguliwa walikuwa 73, idadi ya juu kuliko zote za nyuma.

Kwa hiyo mwenye nia ya kufuatilia usawa asihesabu wagombea tu. Aangalie viti 176 vya uwiano vya baraza la chini, vinavyogawanywa kwa kanda 11. Huko chama hupanga orodha chenyewe, na kinaweza kuwaweka wanawake juu bila kungoja sheria mpya. Anayewekwa chini kabisa huongeza takwimu za wagombea, lakini kiti hatakiona. Baada ya hapo aangalie mabaraza ya miji midogo, ambako dhamana ni yen 150,000 tangu mwaka 2020. Huko mwanamke asiye na medali anaweza kujijengea jiban yake polepole, mtaa baada ya mtaa, na bado yapo mabaraza ambayo hayana mwanamke hata mmoja.