Mbaazi za Asubuhi na Kidonge cha Saa Moja

Msomaji mmoja wa Majengo ameniandikia kuhusu baba yake mwenye ugonjwa wa Parkinson. Mzee humeza kidonge saa moja asubuhi pamoja na chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Ikifika saa tatu miguu imenata mlangoni, hatoki wala harudi. Lakini siku akikosa hamu ya kula, anakwenda hadi msikitini bila kushikwa mkono. Majirani wamemwambia kwamba ameuziwa dawa feki. Dada yangu, usiilaumu dawa, tazama sahani.

Kuna seli chache, katikati chini ya ubongo, zinazotengeneza dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuanza tendo: kuinua mguu, kufunga kifungo cha kanzu, hata kutamani kutoka barazani. Seli hizo zikifa kwa wingi, ndiyo Parkinson: mwendo huwa mzito, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, na uso hukauka hata wajukuu wakadhani babu amenuna.

Dopamini yenyewe ukiimeza haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa, dawa iliyomo kwenye kidonge cha mzee, huvuka, kisha hugeuka dopamini ndani. Kidonge kilichoandikwa 25/100 kina miligramu 25 za kabidopa na 100 za levodopa. Kabidopa huzuia levodopa isigeuzwe njiani, maana ikigeuzwa huko mgonjwa hupata kichefuchefu na ubongo haupati kitu.

Tatizo la mbaazi ni hili. Levodopa ni asidi ya amino, na protini ikishameng'enywa nayo huwa asidi za amino. Nyingi kati ya hizo hugombea na levodopa mlango mmoja kwenye utumbo, halafu tena kwenye mpaka wa ubongo. Fikiria feri ya Likoni jioni watu wakitoka kazini: aliyechelewa hubaki ng'ambo. Na levodopa haina subira, kwani nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu baada ya saa moja na nusu hivi.

Kwa hiyo kidonge kimezwe saa kumi na mbili na nusu, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji. Chakula kifuate baada ya nusu saa, na akiweza kungoja saa nzima ni bora zaidi. Kichefuchefu kikimsumbua, mpe kipande cha muhogo wa kuchemsha au ndizi mbivu, si maziwa wala yai. Dozi ya mchana nayo iende vivyo hivyo, kidonge kwanza, samaki baadaye. Akiwa ameshakula, asubiri saa moja hadi mbili. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma vikae mbali na dawa hii kwa saa mbili, kwa sababu chuma huishika. Mbaazi asinyimwe, atakonda bure. Zihamishiwe chakula cha usiku.

Kwa siku saba andika daftarini: saa ya kidonge, saa ya chakula, saa miguu ilipofunguka, saa ilipoganda. Daktari atapanga dozi kwa daftari hilo kuliko kwa maneno "hali si nzuri". Angalia choo pia. Mzee aliyefunga choo siku nne hata kidonge chake huchelewa kufanya kazi.

Sasa yale yanayoniudhi. Mzee akitapika, mtu hukimbilia duka la dawa na kurudi na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Dawa hiyo hufunga milango ya dopamini ubongoni, na kesho mgonjwa ni mti. Mtajie mfamasia ugonjwa kabla hajafungua droo. Wengine huwasagia wazee mbegu za upupu. Kweli zina levodopa, lakini kijiko hakikuambii miligramu ngapi, na ikizidi mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe.

Tena kuna dawa za kundi jingine, kama pramipeksoli, zinazoigiza dopamini. Zinaweza kumfanya mtu mstaarabu aanze kubeti usiku kucha au kununua ovyo. Msimkalishe kikao cha familia kabla ya kumuuliza daktari. Huzuni nayo ni sehemu ya ugonjwa, kwa kuwa serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, pia hupungua. Ina tiba, na kumwambia aongeze imani si tiba.

Ramadhani isisubiriwe hadi mwezi uandame. Nendeni kliniki mapema, kwa sababu kukatiza levodopa ghafla huweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Na pale mlangoni, usimvute. Bandika utepe wa rangi sakafuni, kwenye kizingiti, umwambie auruke utepe. Usipokuwa na utepe, weka mguu wako mbele ya wake avuke juu yake, huku mkihesabu pamoja moja, mbili, tatu.