Kiongozi wa chama asiye na kiti bungeni

Shikamoo Shangazi. Wewe unayeishi Calgary, nieleweshe. Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania, alikuwa meya wa jiji hilo kuanzia 2010 hadi 2021. Baadaye akawa kiongozi wa chama cha NDP katika jimbo la Alberta, lakini mwaka mzima hakuwa mbunge. Inawezekanaje? Na meya mwenye sifa kama yeye anateremkia siasa za jimbo kutafuta nini?
Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno "kuteremka", maana ndipo ulipokwama. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kanada, jimbo lina bunge lake na waziri mkuu wake, na hospitali, shule na mafuta ya Alberta viko mikononi mwake. Jiji linaishi kwa sheria za jimbo. Septemba 2024 serikali ya Alberta ilizuia dola bilioni 1.53 za reli ya Green Line hapa Calgary mpaka njia yake ibadilishwe, halmashauri ikalazimika kusimamisha mradi ulioanza enzi za Nenshi. Hapo nani yuko juu?

Mimi nilimjua katika mafuriko ya Juni 2013. Nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazee, televisheni haizimwi usiku wala mchana. Kila nikiinua kichwa kutoka kwenye sufuria namwona yuko pale, macho mekundu, anataja mtaa upi uhame na upi usubiri, mpaka watu wakaanza kumsihi mitandaoni akalale. Wiki iliyofuata nilimsaidia jirani kutoa matope kwa ndoo. Picha za harusi yake zilikuwa zimegandana. Ukibandua moja, sura zinabaki kwenye nyingine. Kwa hiyo ujue nampenda yule mtu, na unisome ukilijua hilo.

Sasa swali lako. Uongozi wa chama hutolewa na wanachama, kiti cha bunge hutolewa na wapiga kura wa eneo. Tarehe 22 Juni 2024 wanachama walimpa asilimia 86, akamrithi Rachel Notley. Lakini bila kiti huingii ukumbini kuuliza swali, kwa hiyo upinzani bungeni uliongozwa na Christina Gray. Notley aliacha kiti chake cha Edmonton-Strathcona mwishoni mwa 2024, ila tarehe ya uchaguzi mdogo hupangwa na serikali, yaani wapinzani wao. Ukafanyika 23 Juni 2025, Nenshi akashinda. Edmonton ni kilomita 300 hivi kutoka Calgary, lakini sheria haimlazimishi mgombea kuishi katika eneo analogombea.

Kwa maoni yangu alichelewa. Uchaguzi wa 2023 uliwapa NDP viti 38, chama tawala 49. Upinzani wenye nguvu hivyo unamtaka kiongozi wake asimame uso kwa uso na waziri mkuu Danielle Smith, si kuzungumza na waandishi wa habari nje ya ukumbi. Nilitamani mbunge mmoja wa huku Calgary amwachie kiti mapema. Fedha za reli zilipozuiwa, swali lile bungeni alistahili kuliuliza yeye.