Nihame na gari langu au niliuze hapa Tanga?

SWALI: Mpendwa Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Chumbageni, Tanga. Mimi ni mwalimu na mama wa watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Mtumba, Dodoma, nami nimepata uhamisho wa kwenda shule ya jirani na huko. Kwa kuwa niliuomba mwenyewe, gharama zote ziko juu yetu. Nina Toyota IST ya cc 1300. Dalali ananipa Sh 9,000,000, na mume wangu anashauri nizipokee, tununue gari lingine tukishafika, kwa sababu safari ni ndefu na mwenye Fuso naye anataka Sh 1,300,000 kubeba vyombo. Tumepata nyumba mbili: moja Nkuhungu kwa Sh 200,000 kwa mwezi, nyingine Ihumwa kwa Sh 280,000, na zote zinadaiwa kodi ya miezi sita. Dada yangu aliyehama Minnesota kwenda Texas ananiambia alilazimika kusajili gari lake upya. Je, nami yatanikuta hayo?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Dada yangu, nianze na la dada yako, kwa kuwa ndilo jepesi. Marekani kila jimbo lina usajili wake wa magari. Anayehamia Texas hupewa siku 30 kusajili gari lake huko, na hutozwa kodi ya mkazi mpya ya dola 90. Huku kwetu TRA inasajili kwa Tanzania Bara nzima, kwa hiyo namba uliyo nayo Tanga ni halali Dodoma bila kulipa chochote. Bima nayo inakufuata; mjulishe tu wakala wako anwani mpya.

Sasa tuhesabu safari. Kutoka Tanga kupitia Segera, Chalinze na Morogoro hadi Dodoma ni karibu kilomita 590. Gari lako likiwa zima, kwenye barabara kuu lita moja itakufikisha kilomita 15 hivi, yaani lita 40 kwa safari nzima. Ukikadiria Sh 3,000 kwa lita, ni Sh 120,000, na ndani yake mmesafiri familia nzima pamoja na mabegi. Jaza tangi ukiwa Tanga, kwa sababu bei kikomo za EWURA, zinazotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, huongeza gharama ya kusafirisha mafuta kwenda mikoa iliyo mbali na bandari.

Linganisha na ushauri wa mume wako, ambao naamini ameutoa kwa nia njema. Atakayenunua gari Dodoma atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya kuhamisha umiliki Sh 50,000 na kadi mpya Sh 10,000, atamlipa dalali wa pili, kisha atakabidhiwa gari ambalo maradhi yake hayajui. Lako unayajua. Kwa sababu hiyo tu mimi nisingeliuza.

Hata hivyo, hesabu kubwa haiko barabarani Segera. Iko kwenye zile nyumba mbili. Mtumba iko mashariki ya jiji, umbali wa kilomita 17 hivi kutoka katikati, na Nkuhungu iko upande wa pili. Mtakwenda na kurudi si chini ya kilomita 40 kila siku ya kazi, ambazo kwa siku 22 ni kilomita 880. Kwa mwendo wa mjini wa kilomita 12 kwa lita, ni takriban Sh 220,000 za mafuta kwa mwezi. Ihumwa iko njiani kuelekea Mtumba, na mafuta yenu yatakuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Mkichagua Nkuhungu, mtakuwa mmeokoa Sh 80,000 za kodi ili kumwaga zaidi ya hapo tangini. Kumbuka pia kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na tozo ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayetembea zaidi ndiye anayelipa zaidi.

Kabla ya kuondoka, mwombe fundi alipandishe gari na kulitazama chini. Hewa ya chumvi ya Tanga hula vyuma taratibu. Mabomba ya breki yaliyovimba kutu yabadilishwe hapo hapo. Wewe mwenyewe tazama ubavuni mwa kila tairi tarakimu nne za mwisho: 2316, kwa mfano, ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na nakusihi usiwapakie watoto juu ya tairi la umri huo, hata kama kashata zake bado zinaonekana.

Kodi ya miezi sita ya Ihumwa itawazidi kwa Sh 480,000 mwanzoni, na najua fedha hizo hazipatikani kirahisi mwezi wa kuhama. Zitafute kwenye Fuso. Makabati na makochi yauze hapo Tanga, ubaki na friji, magodoro, vyombo vya jikoni na vitabu vyako, mzigo ambao Kenta inautosha. Ukimpata dereva aliyeshusha mahindi na anarudi bara tupu, atakubali bei ya chini zaidi.