Hoteli imefunga, nafaka (pesa ya matunzo) ya watoto siiwezi, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum Bi Wakili. Miye ni weta hotelini huku Nungwi, Zanzibar. Niliachana na mama watoto wangu, watoto wawili wako nae kwao Mkwajuni, na kadhi aliniamuru nitoe laki na nusu kila mwezi. Nikawa natoa bila tabu. Masika hii hoteli ikafunga, tumeambiwa tutaitwa Julai, mshahara hamna. Mwezi wa nne nlipeleka elfu 60, mwezi wa tano sikupeleka kitu na simu zake nikawa sipokei, kwa aibu tu. Sasa kanitumia meseji kuwa anarudi kwa kadhi. Kuna mtu nimepelekwa kwake anataka elfu 40 aniandikie karatasi, tukaisaini kwa sheha wetu wa mtaa, iseme mama kakubali elfu 50 na mambo yamekwisha. Wengine wananambia asiekuwa na kazi hadaiwi nafaka. Lipi la kweli?

JIBU: Waalaykum salaam kakaangu. Swali lako kila masika linanifikia, ikifika mwezi wa tano najua yatakuja matano sita, mara hoteli, mara bahari imechafuka, na wa Pemba wao wananambia karafuu mwaka huu hamna. Sikucheki, dhiki ni dhiki. Ila naanza na hilo la mwisho maana ndilo linalonchosha kuliko yote, eti asiekuwa na kazi hadaiwi.

Nani kasema? Watu wanaichukua ile aya ya 7 ya Suratul Talaq, mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliedhikika atoe katika kile alichopewa na Mwenyezi Mungu, wanaisoma wanavyotaka wao halafu wanatoka nayo barazani. Aya imesema atoe. Atoe kidogo, lakini atoe. Haikusema azime simu. Na jengine, kabla hamjafika mahakamani hicho kidogo mlikuwa mnakipima wenyewe nyumbani, lakini kadhi akishaandika laki na nusu basi mizani iko kwake, hukuachiwa wewe. Ukijipunguzia mwenyewe ni sawa na kwenda dukani kwa Mpemba ukachukua daftari lake ukajifutia deni kwa kalamu yako, kisha unamwambia tuko sawa.

Kwa hiyo mpaka leo hesabu yako ni hii: mwezi wa nne ulipunguza elfu 90, wa tano hukupeleka, 150, jumla unadaiwa 240,000. Hoteli kufunga hakujaifuta hata shilingi. Amri ya mahakama haianguki peke yake kwa sababu hali imebadilika, inakaa vilevile mpaka mwenyewe uende ukaombe ibadilishwe. Na hili ndilo watu hawalijui kabisa, kwamba inabadilishwa! Watu wanadhani kadhi akishasema kasema, basi wanakimbia. Kadhi huyohuyo aliekuandikia 150 kwa kuangalia mshahara wako anaweza kukuandikia pungufu kwa kuangalia kuwa mshahara hamna, ndio kazi yake, na ukipata kazi nzuri mama nae ana haki ya kuja kuomba ipandishwe.

Unachofanya: rudi mahakama ileile ilotoa amri, chukua namba ya kesi yako, waambie makarani unataka kupeleka ombi la kubadilisha kiwango cha nafaka. Usingoje mama watoto akuite. Aliekwenda mwenyewe na alieletwa kwa samansi hawaangaliwi jicho moja, nimekaa mle ndani miaka naona. Nenda na barua ya hoteli inayosema wamefunga lini na wanategemea kufungua lini (meneja akileta uvivu mgande mpaka aandike), karatasi za mshahara za kabla, taarifa ya benki, na meseji zote za pesa ulizomtumia mama watoto. Kama ulikuwa unampa mkononi au unamtuma mtu wa gari la Mkwajuni, hapo pole, maana akikana huna ushahidi. Kuanzia leo tuma kwa simu.

Halafu sema ukweli kuhusu vibarua. Kama masika hii unaendesha bodaboda au unakwenda dago na wavuvi, sema, taja na unachopata. Makadhi wetu si wageni wa kisiwa hiki, wanajua hoteli za kaskazini zinafunga Aprili na Mei na wanajua pia kuwa kijana wa Nungwi hakai miezi miwili mikono mitupu. Ukiapa huna hata mia kisha mama akatoa picha yako na boda mpya, umekwisha, hata lile la kweli hutoaminiwa.

Na ushauri wangu ambao mawakili wengi hawautoi: usiombe kupunguziwa tu, omba kiwango kifuate msimu. Mwambie kadhi, miezi hoteli ikiwa wazi nitatoa laki na nusu au hata zaidi kidogo, miezi ya kufunga nitatoa kadhaa, na ile 240 ya nyuma naomba niilipe kidogo kidogo kuanzia Julai. Mtu anaekuja na mpango anasikilizwa, anaekuja na kilio tu anaambiwa akalie nje.

Sasa huyo wa elfu 40. Hapa niacheni niseme maana hawa watu nimewachoka. Wanakaa nje ya mahakama na bahasha kwapani, wengine hata form four hawakumaliza, wanakuandikia "mkataba wa makubaliano ya kufuta nafaka" na muhuri sijui wameutoa wapi. Sheha ni mtu muhimu, namuheshimu, atawakalisha, atawasuluhisha, atakupa barua ya kukutambulisha, lakini sheha hawezi kubadilisha amri ya kadhi. Hiyo karatasi haina thamani ya wino wake. Na kama kweli mama kakubali elfu 50 kwa miezi hii, vizuri sana, mshikane mkono mwende wote wawili mahakamani iandikwe pale iwe amri. Kama hajakubali na huyo bwana anakusudia kumtilia saini, hiyo ni jinai na utakaeulizwa ni wewe, yeye atakuwa kashahamia chini ya mwembe mwengine.

Isitoshe mama hana mamlaka ya kuwasamehe watoto chakula chao. Pesa za edda zilikuwa zake, angesamehe tungesema kasamehe haki yake. Nafaka ni ya watoto, inapita mikononi mwake tu.

Wengine mnaosoma, msimsome ndugu yetu huyu kama kituko, maana mna yenu. Kuna wanaoacha kazi makusudi ili mshahara usionekane. Kuna wanaosikia mama kaolewa wakasema basi alie kwa baba wa kambo. Kuolewa kwake kunaweza kuleta mazungumzo ya hadhana, watoto wakae na nani, lakini nafaka inabaki shingoni kwa baba aliewazaa. Kuna wanaokwenda kumchukua mtoto skuli bila ya kusema ili "asidaiwe". Kuna wanaopeleka pempasi na zulia la sikukuu halafu wanataka vihesabiwe kwenye amri. Zawadi ni zawadi bwana!

Na wale wa odio za WhatsApp ndio wananipandisha presha hasa. Mtu yuko Dar anasoma sheria za huko, odio inafika Micheweni, watu wanaichukua kama msahafu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara, huku haifanyi kazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Bara, sisi tuna yetu, Namba 6 ya 2011. Mahakama ya Kadhi ina sheria yake, Namba 9 ya 2017. Juzi mwanamme mzima kaja ofisini kwangu na hoja kuwa mtoto ni shilingi 100 kwa mwezi "kisheria". Shilingi 100! Hiyo ilikuwa sheria ya zamani ya Bara ya watoto wa nje ya ndoa, wenyewe wameshaifuta kitambo, na yeye watoto wake ni wa ndoa na yuko Bububu. Nilimuuliza mia inanunua nini, hakunijibu.

Kakaangu, pesa ya wakili huna, na huihitaji kwa ombi kama hili. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, na wasaidizi wa sheria wako wilayani kwako, muulize sheha, hilo ndilo la kumuuliza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar nacho kinasaidia, kipo Unguja na kina ofisi Chake Chake kwa walioko Pemba. Hawa hawakutozi kwa ushauri. Akikutoza mtu akasema yeye ndie msaada wa kisheria, ondoka.

Kabla ya yote lakini, leo hii mpigie mama watoto, au kama unaona haya mtumie meseji, mwambie hoteli imefunga, najua nadaiwa 240, nakwenda mahakamani mwenyewe Jumatatu. Wengi wanaorudi kwa kadhi hawarudishwi na kiwango, wanarudishwa na simu isiyopokelewa. Na hiyo elfu 40 uliokuwa umpelekee yule bwana mtumie mama watoto, kwa simu, meseji yake usiifute, itabaki 200.